Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: hawa wa mtaani kwetu hawajakataa chanjo

Mombasa, 29 Novemba 2021

Mheshimiwa Waziri wa Afya, wenzako wa Usalama wa Ndani, na wakuu wa afya wa kaunti za Pwani,

Salamu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea huku Kisauni. Sisi ndio wapiga hodi wenu. Tunatafuta watoto waliokosa chanjo ya surua, tunawakumbusha wenye kifua kikuu dawa zao, na tangu Machi mwaka huu tunawaita watu wazima wakadungwe sindano ya korona. Nimechanjwa dozi zote mbili, na nyumbani kwangu kila aliyefikisha umri amechanjwa. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi mtu akilalamikia amri yoyote ya korona hutiwa haraka kwenye kapu la wapinga chanjo, na barua yake haisomwi tena.

Tarehe 21 mwezi huu, Mheshimiwa, ulitangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiye na cheti cha kukamilisha chanjo hatahudumiwa ana kwa ana katika ofisi za serikali. Ukataja mamlaka ya kodi (KRA), uhamiaji, mamlaka ya usafiri na leseni za udereva (NTSA), elimu, kumwona mgonjwa hospitali na kumwona mfungwa gerezani. Mikahawa na baa zinazoingiza watu 50 au zaidi nazo zidai cheti mlangoni. Muda wa kujitayarisha ni mwezi mmoja. Siku unayotoa amri hiyo, kwa hesabu za wizara yako mwenyewe, waliokamilisha chanjo hawajafika mtu mzima mmoja kati ya kumi.

Chukua kalenda tuhesabu pamoja. Mtu akidungwa AstraZeneca ya kwanza leo, hata tukimpa mwachano wa wiki 8 tu, dozi ya pili inamkuta mwishoni mwa Januari. Akipata Moderna, wiki zake 4 zinaishia baada ya Krismasi. Atakayewahi tarehe yako bila wasiwasi ni aliyebahatika kupata Janssen ya sindano moja, na Janssen kwetu haipatikani kila siku. Kwa hiyo hata mtu mtiifu kabisa, aliyekusikia kwenye redio akaamka kesho yake kwenda kupanga foleni, amri yako inaweza kumkuta bado yuko upande wa wakosaji.

Naona kutoka Afya House, makao ya wizara yako, tunaonekana mafungu mawili tu, waliochanjwa na wakaidi. Ukishuka mtaani utakuta mambo mengine.

Jirani yangu mmoja ni kijana wa hoteli za Nyali. Mwaka 2020 alikaa nyumbani bila mshahara tangu hoteli zilipofungwa, na mwajiri alipowaambia wafanyakazi wachanjwe kabla ya kurudi, yeye alikuwa mbele kabisa kwenye foleni. Barakoa anaivaa kazini kwa ajili ya wageni. Akishuka kwenye matatu anaitia mfukoni, na ukimuuliza anakujibu, "Si mlisema tuchanjwe mambo yarudi? Mimi nimechanjwa. Yamerudi wapi?" Amri ya 21 Desemba anaiunga mkono moja kwa moja. Anaona yeye alibanwa, sasa ni zamu ya wenzake.

Nyumba ya pili kutoka kwake yupo bi mkubwa mmoja aliyechanjwa pia. Mwaka huu amezika kaka yake, wakati kirusi cha Delta kinapiga, na tangu hapo barakoa haimtoki hata akikaa barazani kwake mwenyewe. Kafyu ilipoondolewa siku ya Mashujaa, mtaa mzima ulishangilia. Yeye alifunga mlango. Hataki arusi, hataki maulidi ya kujazana, na ukimwachia yeye nchi, angeifunga tena kesho. Wote wawili walikubali sindano ile ile, lakini juu ya masharti hawakubaliani hata kwa moja. Wizara ikisema "wananchi waliochanjwa wanataka", mimi huwa najiuliza ni yupi kati ya hawa wawili aliyeulizwa.

Lakini sikuandika kwa ajili yao. Wao watapita mlangoni.

Nimeandika kwa sababu ya mama anayekaanga viazi karai kwenye kona yetu. Mama huyu hajachanjwa. Ukija na daftari lako utamwandika chini ya "hajachanjwa" na amri itamchukulia kuwa mkaidi. Mimi nimeandamana naye. Kituo cha afya alichoambiwa aende kina AstraZeneca, na chupa moja ya AstraZeneca ina dozi 10. Ikishafunguliwa lazima itumike ndani ya saa 6, la sivyo inamwagwa, na muuguzi anaulizwa kwa nini amemwaga chanjo. Basi muuguzi anangoja watimie watu kumi ndipo afungue. Sisi tulifika asubuhi tukakuta watu sita. Saa sita mchana tulikuwa wanane. Mama akaanza kuangalia simu, maana viazi huchemshwa mchana ili jioni viingie kwenye karai, na unga wa kuvivika haujakorogwa. Saa nane tukaambiwa kumi hawatimii leo, turudi kesho. Yeye kesho yake hakurudi. Siku mbili za kukosa biashara kwake ni kodi ya nyumba.

Muuguzi simlaumu. Alikuwa peke yake, akiandika majina kwenye kitabu na kuyaingiza tena kwenye mtandao uliokuwa ukikatika, na upande wa pili wa ukuta kina mama wanangoja kliniki ya watoto. Ninayemlaumu ni yule aliyeketi akapanga adhabu bila kuuliza kwanza chupa hufunguliwaje.

Na kuna vitambulisho. Ili uingizwe kwenye mfumo wa chanjo na baadaye utolewe cheti, unaulizwa nambari ya kitambulisho. Huku Pwani, Mheshimiwa, unajua vizuri kijana anavyozungushwa kabla hajakipata: leta cheti cha babu, leta barua ya chifu, njoo siku ya kamati ya wazee. Kuna vijana wa miaka 23 mtaani kwetu ambao hawana. Kuna Wapemba wavuvi, waliozaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa, ambao hadi Novemba hii ya 2021 taifa halijawatambua kuwa raia. Hawa wakitaka sindano wanahangaika, na wakiipata watahangaika tena kupata cheti. Kisha kijana huyo ambaye shida yake ni kitambulisho anaambiwa asiingie ofisi ya serikali bila cheti cha chanjo. Ofisi ya vitambulisho ni ya nani?

Hata wenye vitambulisho na sindano zote mbili hawajatulia. Wapo ambao dozi ya pili haionekani kwenye mfumo, wapo ambao jina limeandikwa vingine. Asiye na simu ya maana huenda saiba, duka la intaneti, kuchapishiwa, analipa. Na tangu tangazo lako litoke nimeshaulizwa na watu wazima wenye akili zao kama najua mahali pa kununua cheti bila kudungwa. Hilo soko mmelianzisha nyinyi, kwa tarehe moja.

Sasa niwaongelee wanaokataa kweli, maana wapo na sitaki kuwaficha.

Yupo dereva wa tuktuk ambaye nimemkalia vikao mpaka tumekuwa marafiki. Hana shaka kwamba korona ipo, amewabeba wagonjwa wake. Tatizo lake ni nyinyi. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, alikuwa Likoni akijaribu kuvuka feri arudi nyumbani. Kafyu ilikuwa ianze saa moja usiku. Jua bado liko juu, polisi wakawavamia watu kwenye foleni kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, wakawalaza chini, juu ya wenzao, eti kwa sababu hawakuachiana nafasi. Picha zile dunia nzima iliziona. Wiki hiyo hiyo hapa Pwani mwendesha bodaboda aliyetoka kumpeleka mama mjamzito hospitali alipigwa na polisi, akafa. Kule Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya kwao. Rais aliomba radhi tarehe 1 Aprili, na tulimsikia. Mapema Juni, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, IPOA, ikasema inahusisha polisi na vifo 15 tangu kafyu ianze. Mwaka huu mwezi wa Agosti, wakati chanjo tayari ipo nchini, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, wakakamatwa kwa sababu ya kafyu na miili yao ikapatikana mochari.

Dereva wangu ananiambia hivi: "Dada, aliyenipiga virungu kwa ajili ya afya yangu, leo anataka kunidunga sindano kwa ajili ya afya yangu. Nipe muda." Nimemweleza kwamba aliyempiga na anayemchanja si mtu mmoja. Anaitikia kwa kichwa, kisha ananionyesha gazeti. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali aliuliza zilivyotumika shilingi bilioni 7.8 za vifaa vya korona pale KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali. Mnamo 2020 sisi wahudumu tulizunguka na barakoa za kitambaa tulizojishonea. (Chupa za sanitaiza tulizogawiwa mara ile moja leo zinatiwa mafuta ya nazi.) Mimi hapo huwa sina la kumjibu, nabadilisha mazungumzo.

Wengine hofu yao imetoka mbali zaidi. Kina mama hawajasahau kwamba mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki walisema hadharani kuwa chanjo ya pepopunda ina kitu cha kuwazuia kuzaa. Serikali ilikanusha, mabishano yakaenda, yakafa, lakini kwenye vibaraza hayakufa. Machi mwaka huu madaktari Wakatoliki wakapinga chanjo ya korona huku maaskofu wao wakiiunga mkono, mtu wa kawaida afuate upande gani? Mwezi huo huo Denmark, Norway, Ujerumani na Ufaransa zikasimamisha AstraZeneca kwa muda kuangalia damu kuganda, na sisi ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza kuigawa. Kisha Uingereza ikatuweka kwenye orodha yake nyekundu, ya nchi ambazo wasafiri wake wanazuiwa, Aprili. Julai ikatuletea AstraZeneca za msaada, na Septemba ikasema cheti cha aliyechanjwa Kenya haikitambui. Mzee mmoja aliniuliza, kama chanjo yao hiyo hiyo wenyewe hawaiamini ikishaingia mkononi mwangu, mimi niiamini kwa nini? Baadaye walikubali kututambua, lakini habari ya kukubali haikufika kwenye WhatsApp ya mtu yeyote. Iliyofika ni ile ya kwamba aliyechanjwa atakufa baada ya miaka miwili.

Hofu za namna hii nimezishinda mara nyingi, na nitakwambia nilivyozishinda: kwa kurudi. Unaenda leo, unapewa chai, unaambiwa hapana. Unarudi wiki ijayo kwa sababu ya mtoto anayekohoa, la sindano hulitaji. Mara ya tatu mwenyewe anakuuliza, "Hivi wewe ulipodungwa uliumwa?" Hapo ndipo kazi inapoanza. Tangu tarehe 21 kazi hiyo imeharibika. Nikibisha hodi sasa naulizwa kama nimetumwa na chifu kuandika majina ya watakaonyimwa huduma. Mtu akishakuona hivyo, chai haiji.

Nalijua jibu lenu, maana nimelisikia kwenye taarifa ya habari: bila kubanwa watu hawaendi, na kweli foleni zimeongezeka baada ya tangazo. Ni kweli, zimeongezeka. Nilipita Jumamosi nikaziona. Lakini mliziangalia ni nani waliosimama? Wenye biashara za leseni, watumishi wa serikali, wenye safari. Ni wale wale ambao Agosti waliambiwa wachanjwe kufikia tarehe 23 au waadhibiwe kazini, na wengine wa aina yao. Mbano unamfikia mwenye kitu cha kubanwa nacho. Bibi wa miaka 75 mwenye kisukari, ambaye ndiye korona ikimpata inamuua, haendi KRA, haendi baa, hana leseni NTSA. Amri yako kwake haina meno kabisa, mpaka siku mjukuu wake asiye na cheti atakapozuiliwa langoni asimwone wodini. Na wodi zetu unazijua: chakula analeta mjukuu, anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku ni mjukuu.

Kuna na hili la wakubwa, silipiti. Mwezi Machi mlisimamisha mikutano ya siasa kwa sababu ya maambukizi. Tarehe 1 Juni mkajaza watu Kisumu kwa Madaraka, na kirusi cha Delta kikiwa tayari kimeripotiwa huko. Katikati ya mwezi mkazifungia kaunti 13 za magharibi na Nyanza kwa kafyu ya saa moja usiku. Watu wa Pwani tuliyaona hayo tukakumbuka Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa kwa mwezi mzima, Ramadhani ikaishia humo na Idi ikasaliwa humo. Hivi sasa wanaotaka kura za Agosti ijayo wanazunguka nchi nzima juu ya magari, uwanja umejaa, barakoa kidevuni, na hakuna aliyedaiwa cheti. Mkahawa wa watu 50 udai, uwanja wa maelfu usidai? Kijana wangu wa hoteli na bi mkubwa wa barazani hawakubaliani kwa lolote, lakini hapa sauti yao ni moja.

Naomba basi, Mheshimiwa. Kwanza kabisa ondoa hospitali kwenye orodha ile, leo, kabla ya mengine yote. Mgonjwa anayejua kwamba jamaa zake watarudishwa getini atakaa nyumbani mpaka hali imzidi, na tulishayaona hayo 2020, watu walipoogopa kupelekwa karantini. Mengine yaliyobaki, sogeza tarehe mpaka kila aliyeanza sindano awe amepata muda wa kuikamilisha, na waliokosa vitambulisho wapewe njia nyingine ya kuandikishwa. Barua ya mzee wa mtaa ilitosha tulipogawa vyandarua. Waambie wauguzi kwa maandishi kwamba chupa ikifunguliwa kwa watu wawili, hakuna atakayehojiwa kwa dozi zilizomwagwa. Hili halina gharama kubwa kuliko dozi zinazokaa kwenye friji zikisubiri kuisha muda. Polisi wasihusishwe na cheti kwa namna yoyote.

Na mtuambie mwisho uko wapi. Mlisema watu milioni 10 wachanjwe kabla ya mwaka kuisha, na milioni 27 mwishoni mwa mwaka ujao. Sawa. Tukifika milioni 10 kinaondoka nini? Barakoa ya nje? Au haiondoki kitu? Kijana wa hoteli alichanjwa akiamini kuna ahadi, na kwa kuwa hakuna aliyemwandikia ahadi yenyewe, kila mtu amejitungia yake. Hata mimi nikiulizwa swali hilo mlangoni huwa natunga.

Kampeni yenu ya chanjo ya siku 10 iliyoanza Ijumaa inaishia Jumapili hii. Meza zimewekwa mchana, wakati vibarua wako bandarini na viwandani, mama wa viazi yuko jikoni, na wa tuktuk wako barabarani. Huku kwetu watu hupatikana baada ya Isha. Kuna msikiti umekubali kutupa uwanja wake na taa, kuna kanisa jirani limesema Jumapili baada ya ibada, na kwenye daftari langu nina majina zaidi ya kumi ya watu waliosema wakifuatwa usiku watadungwa. Kwa hiyo chupa itafunguliwa. Tunahitaji muuguzi mmoja, boksi la barafu, na mtu wa kuingiza majina, Alhamisi hadi Jumamosi, saa mbili hadi saa nne usiku. Ofisi ya afya ya kaunti ndogo inajua tunapopatikana.

Wako,
Mhudumu wa afya ya jamii, Kisauni